Wajukuu wa Likizo ya Juni

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Juni, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hujaa watoto tangu alfajiri. Begi la shule limetolewa madaftari na kushindiliwa sweta, kandambili na mswaki. Anayewapeleka ni mama mdogo, au kaka aliyemaliza kidato cha nne ambaye anasubiri kupangiwa shule. Safari ni ya kutwa: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, mpaka Himo, na hapo wanahamia gari dogo la kupanda Marangu, Mwika au Rombo. Huko juu bibi amekwisha anika mablanketi, na babu anapiga simu kila baada ya muda kuuliza wamefika wapi.

Nazungumzia Kilimanjaro kwa kuwa ndiko ninakokujua. Msomaji wa Bukoba, Tukuyu au Usangi ataona nyumba yake humuhumu, abadilishe tu majina ya vyakula. Na nazungumzia Juni makusudi. Desemba kila mtu anapanda mlimani: wazazi, wajomba, mashangazi, ndugu walio Nairobi na Mwanza. Kuna ubatizo, kipaimara, harusi, mbuzi wa kila siku. Katika shamrashamra hizo mtoto anafika kwa babu lakini hakai na babu. Anakula, anacheza na binamu zake, anapigwa picha, anarudi mjini. Juni hakuna sherehe. Wazazi wako kazini Dar es Salaam, na mtoto wa miaka minne, sita au minane amebaki na wazee wawili, ng'ombe, mbuzi na mgomba. Hapo ndipo wanapofahamiana kweli.

Tatizo ninaloliona nyumba nyingi ni kwamba wazee huwapokea wajukuu kama wageni wa heshima. Kuku wanachinjwa mfululizo, soda zinanunuliwa kwa kreti, na mtoto anakatazwa kugusa jembe kwa sababu ni wa mjini. Bibi anafanya kazi zake zote za kawaida, kisha anaongeza kazi ya kuburudisha watoto. Wiki haijaisha, watoto wamechoka kukaa, wanalilia simu ya babu waangalie katuni, na bibi kiuno kimekaza. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakasema apewe jembe. Mjukuu hata hizo mbili hazihitaji. Ile ni nyumba yake, na mahali pake ni ndani ya kazi ya nyumba hiyo tangu asubuhi ya kwanza.

Jambo hili si maoni ya kizamani tu. Kando ya Ziwa Eyasi, kusini mwa Ngorongoro, wanaishi Wahadzabe, ambao hadi leo baadhi yao wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Miaka ya 1980 watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa nao na kupima nani anafanya kazi gani, kwa muda gani, na watoto wananenepa vipi. Waliowashangaza ni vikongwe. Wanawake waliokwisha pita umri wa kuzaa walikuwa wakichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko binti zao, kwenye ardhi ya mawe, kwa mti uliochongwa ncha. Mama akiwa na kichanga, muda wake wa kutafuta chakula hupungua, na uzito wa mtoto wake aliyeachishwa ziwa hutegemea zaidi bidii ya bibi. Kutokana na hesabu hizo Hawkes na wenzake walipendekeza kwamba huenda binadamu wanaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu mabibi waliolisha wajukuu ndio ambao ukoo wao ulisalia. Wanasayansi bado wanabishana juu ya hilo. Kilichoonekana kwa macho, na ambacho hakuna anayekibisha, ni bibi anayefanya kazi na mjukuu aliye pembeni yake. Na watafiti hao hao waliandika kuwa watoto wa Kihadzabe hawakai tu kusubiri kulishwa. Wangali wadogo wanachuma matunda ya porini, wanaokota mabuyu na kuchimba mizizi isiyokwenda chini sana.

Turudi kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, tuone Juni ina kazi gani.

Masika yameisha Mei. Majani yako tele, mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, inateremsha maji kutoka juu, na wingu limekaa juu ya mlima siku nzima. Baridi inauma. Ng'ombe hafugwi kwa kuzurura, yuko bandani, hivyo kila anachokula lazima kikatwe na kubebwa. Mtoto wa miaka minane anabeba mzigo mdogo wa majani kichwani na kufurahi kuwa yeye ndiye amemlisha. Wa miaka mitano anafuata nyuma na jani moja la mgomba, naye pia anahesabiwa kuwa amebeba. Asubuhi babu akikamua, mtoto anashika kikombe na kuona maziwa yanatoka wapi, jambo ambalo pakiti ya dukani haiwezi kumweleza.

Maharage ya masika yamekauka au yanakaribia. Yakishavunwa yanaanikwa uwanjani, yanapigwa kwa fimbo, yanapetwa, kisha yanachambuliwa. Sijaona kazi inayomfaa mtoto mdogo kuliko kuchambua maharage. Anaketi kwenye mkeka ubavuni mwa bibi, mikono inashughulika, hakuna anayemkimbiza, na katika kuchambua huko maneno yanakuja yenyewe. Anahesabu bila kujua kuwa anahesabu. Anatenga mekundu, anatenga yenye madoa, anatoa kokoto. Kisha anauliza kwa nini bibi hana meno mawili ya mbele, na bibi anamsimulia. Mzazi anaweza kumnunulia mtoto vitabu vya rangi na maumbo, na ni vizuri akifanya hivyo, lakini mkeka huo una rangi na maumbo na pia una mtu asiye na haraka.

Jikoni ndiko kwenye hazina kubwa. Mtori unataka ndizi mshare, na kuzimenya kunatia utomvu mikononi. Bibi anawapaka mafuta kidogo kwanza ili usigande, na mtoto akijifunza hilo hatasahau. Ndizi zinachemshwa na nyama, nyama inatolewa, ndizi zinapondwa mpaka ziwe laini kama uji mzito. Mtoto apewe mwiko aponde, bibi akiwa ameshika sufuria, na sufuria imekwisha ipuliwa motoni. Siku nyingine ni kiburu, ndizi na maharage. Watoto waliozoea chipsi na soseji watagoma siku ya kwanza. Waacheni wagome. Mtoto aliyebeba majani asubuhi na kumenya ndizi mchana, jioni atakula alichokipika mwenyewe, na atawatangazia wote mezani kuwa ni yeye aliyepika.

Babu naye asijifiche nyuma ya redio. Wazee wengi wa kiume wanasema watoto wadogo ni kazi ya bibi, nao wanasubiri mjukuu akue wazungumze. Wanapoteza miaka mizuri kuliko yote. Babu ndiye anayejua mpaka wa kihamba unapita wapi na sale, mimea ya kuweka alama ya mpaka, zilipandwa na nani. Ndiye anayeweza kumweleza mtoto kuwa jani hilo hilo la sale, mtu akilichukua na kulipeleka kwa aliyemkosea, ni ombi la msamaha ambalo ni vigumu kulikataa. Anajua mfongo upi unamwagilia kwa nani na zamu ya nani ni lini. Anajua kaburi la baba yake liko chini ya migomba ipi. Mtoto wa miaka saba akitembezwa mpaka wote wa kihamba, akishika kila sale kwa mkono wake, amepewa kitu ambacho hati ya ardhi haimpi.

Jioni ni wakati wa hadithi, na hapa mlima wenyewe unasaidia. Wingu hupenda kufunguka asubuhi mapema na jua linapozama. Kibo inaonekana nyeupe na laini, Mawenzi imechongoka kama iliyopigwapigwa. Kila mtoto atauliza sababu, na kila babu ana jibu: hapo kale vilele hivyo viwili vilikuwa majirani, Mawenzi akazoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, moto wake ukizimika kila mara, mpaka siku moja Kibo alichoka na kumtandika kwa mchi wa kutwangia. Kuna nyumba zinazosimulia kuwa aliomba na chakula pia, na nyingine kuwa alidanganya. Babu asimulie ya nyumba yake. Na kama anaweza, asimulie kwa Kichagga, hata nusu tu. Watoto wengi waliozaliwa Dar es Salaam hawajui zaidi ya kusema *shimbonyi* na *aika*, na wazazi wao wameacha kuwasemesha lugha ya nyumbani kwa sababu nyumba ya mjini ina baba wa Rombo na mama wa Iringa. Lugha ya kuitwa kula, kukemewa, kubembelezwa na kusimuliwa huingia kwa mtoto mdogo haraka. Ya kufundishwa kwa orodha haiingii.

Lipo jambo jingine ambalo bibi na babu wanaweza na mzazi hawezi: utani. Babu anamwita mjukuu wa kike mchumba wake, bibi anamwita wa kiume mume wangu na kumuuliza mbona hajaleta sukari. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 juu ya mahusiano ya utani, akayataja ya babu, bibi na wajukuu katika jamii nyingi za Afrika na kwingineko. Mzazi anabeba amri, kwa hiyo heshima inakaa kati yake na mtoto. Babu na bibi wamepita mzigo huo na mjukuu hajaufikia, basi wanakutana kama wenzao. Ndiyo maana mtoto aliyeiba sukari anakiri kwa bibi kabla ya kwa mama. Bibi asigeuke askari wa mzazi, akipiga simu Dar kila mtoto anapokosea. Amkanye mwenyewe, yaishe.

Lakini utani huo ni wa maneno na ni wa hadharani. Mtoto lazima ajue kabla hajapanda basi kwamba hakuna mtu mzima, awe ndugu, jirani au kijana wa kukata majani, mwenye ruhusa ya kumshika sehemu za siri au kumwambia afiche jambo. Wazee wapange mapema nani analala na nani, na watoto wadogo wasilazwe na vijana wakubwa wanaopita tu. Mtoto asitumwe kilabuni kumwita babu. Na mbege ni pombe. Kumwonjesha mtoto eti azoee ni jambo la kuachwa kabisa, hata kama sisi wenyewe tulionjeshwa.

Sasa afya, na hapa naomba wazee wanisikilize kwa makini, maana kosa moja linarudiwa kila Juni. Mtoto amefika kutoka Dar es Salaam, baada ya siku nane au kumi anapata homa. Bibi anasema ni baridi ya mlimani, anampikia uji wa tangawizi na kumfunika. Huenda ni kweli. Lakini vimelea vya malaria alivyoambukizwa na mbu wa Dar huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, kabla homa haijajitokeza. Mlimani malaria ni chache, na kwa hiyo hata mhudumu anaweza asiifikirie. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe kwamba ametoka Dar tarehe fulani, ili apimwe kwa kipimo cha haraka. Akikutwa nayo atapewa dawa mseto, nayo imalizwe yote hata akianza kuruka baada ya siku moja. Wajukuu wanaotoka Uingereza au Marekani, ambao likizo yao huangukia Julai na Agosti, hawana kinga yoyote ya malaria. Wao wafike wakiwa wanameza dawa za kujikinga walizoandikiwa na daktari kabla ya safari, na wakipita Moshi mjini au Tanga walale ndani ya chandarua.

Baridi yenyewe ina hatari nyingine, jiko la mkaa. Usiku unapokuwa mkali watu huingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Watoto wavikwe soksi na sweta, walale wawili wawili, waongezewe blanketi. Jiko libaki nje.

Kisha dawa za wazee. Bibi ana vidonge vya presha, babu ana vya kisukari, na viko juu ya meza ya kitanda ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa mtoto wa miaka mitatu vinafanana na pipi. Baadhi ya vidonge vya kisukari, hata kimoja tu, vinaweza kushusha sukari ya mtoto kiasi cha kumzimisha. Viwekwe juu ya kabati, ndani ya kitu chenye kufuli, kabla watoto hawajashuka kwenye gari. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Ndoo za maji zifunikwe, kwa maana mtoto mdogo anaweza kuzama ndani ya ndoo, sembuse mfongo uliojaa baada ya masika. Watoto wavae viatu, funza wapo. Na mbwa akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Usiku wa kwanza mtoto atalia. Giza la migombani si giza la Sinza kule Dar. Hakuna feni, hakuna muziki wa jirani, kuna kelele za wadudu na paa linalolia. Bibi amlaze karibu naye, asimcheke. Kinachozidisha kilio mara nyingi ni simu. Mama anapiga saa mbili usiku kwa sababu ndio ametoka kazini, mtoto anasikia sauti yake wakati ule ule ambao hamu imempanda, na nyumba nzima haitalala. Wazazi wapige asubuhi kabla ya kazi, mtoto akiwa na habari ya mbuzi aliyezaa. Jioni ni za bibi.

Wazazi wana deni lingine, la fedha. Wapo wanaopeleka watoto watatu kijijini na elfu ishirini, wakiamini kuwa kijijini chakula kinaota. Ndizi zinaota. Sukari, mafuta, sabuni, unga wa ngano na nauli ya kwenda zahanati haviоti. Wazee hawatasema, maana kumdai mtoto wako fedha ya kumlisha mjukuu wako ni aibu kwao. Watauza kuku, kisha watauza mbuzi mdogo, na watamshukuru Mungu kwa simu. Matumizi yatumwe kabla watoto hawajafika na yaongezwe katikati bila kuombwa. Pamoja nayo iende kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na karatasi yenye maelezo ya mzio, pumu au dawa yoyote ambayo mtoto anatumia.

Na mwili wa wazee uheshimiwe. Bibi wa miaka 72 hawezi kumbeba mtoto wa kilo 15 kutwa nzima. Watoto wanne kutoka nyumba tatu, kila nyumba ikidhani ni yenyewe tu iliyopeleka, ni wengi mno. Ndugu waulizane: hawa waende Juni mwanzoni, wale wafuate baadaye, au aende pamoja nao binti mkubwa wa familia awaogeshe na kuwafulia. Cha muhimu ni kiasi: huko Berlin, watafiti walifuatilia wazee zaidi ya 500 wenye miaka 70 na kuendelea, kuanzia mwaka 1990 hadi 2009. Waliokuwa wakiwalea wajukuu mara mojamoja waliishi muda mrefu kuliko wasiolea kabisa. Utafiti huo, ulioongozwa na Sonja Hilbrand, haukuwahusisha wazee wanaolea wajukuu moja kwa moja kama wazazi. Pengine wenye afya ndio waliopewa watoto, kwa hiyo tusiugeuze kuwa dawa. Hata hivyo tofauti kati ya wiki tatu za likizo na mwaka mzima wa malezi ni kubwa, na Tanzania ina mabibi wengi waliopelekewa mtoto kwa likizo na mzazi hakurudi kumchukua. Tarehe ya kurudi itajwe siku ya kufika, na iheshimiwe.

Watoto wakisharudi mjini, homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo ipimwe upya, kwa kuwa wamerudi kwa mbu wa Dar. Waachwe wapige simu wenyewe kuuliza hali ya mbuzi na kama maharage yamekwisha chambuliwa. Na mzazi apige simu yake peke yake, watoto wakiwa shuleni, awaulize wazee kitu gani kilikuwa kizito: idadi, usiku, chakula, ukali wa mmoja wao. Aulize tena baada ya wiki, kwa sababu jibu la mara ya kwanza litakuwa kwamba yote yalikwenda vizuri. Yapangwe ya Juni ijayo mapema, kwa simu, kabla ya Desemba. Desemba uwanja utajaa watu na hakuna atakayepata nafasi ya kumsikiliza bibi.